Shule ya Mlimani au ya Barabarani: Kisa cha Watoto Wawili wa Nyumba Moja

Kisa hiki kilitokea mkoani Tanga, ukanda wa milimani, kuanzia Desemba 2022 hadi mwanzoni mwa 2025. Majina ya vijiji, shule na watu nimeyaacha. Idadi za wanafunzi na walimu nimezisogeza kidogo ili shule zisitambulike, ila uwiano wake umebaki vilevile. Wazazi wameridhia kisimuliwe. Nimekichagua kwa sababu nyumba moja ilizijaribu shule zote mbili kwa wakati mmoja, jambo ambalo ni nadra, na yaliyowakuta hayakufanana na yale waliyokuwa wakibishania.

## Usuli wa familia

Baba ni dereva wa bodaboda, na kijiwe chake kipo kwenye senta ya barabarani. Mama analima maharage na kabichi. Wanaishi pamoja na bibi, mama mzazi wa baba. Watoto ni wawili. Mkubwa ni wa kiume, wakati huo alikuwa na miaka tisa na anamaliza darasa la pili. Mdogo ni wa kike, alikuwa anamaliza darasa la awali. Wote walikuwa katika shule ndogo ya kitongojini, mwendo wa dakika kama kumi na tano kwa miguu ya mtoto.

Mkubwa alikuwa hajui kusoma sawasawa. Maneno mepesi kama "baba" na "kalamu" aliyaweza. Akikutana na "mbwa" au "nywele" alitazama picha akakisia. Taarifa yake ya maendeleo, hata hivyo, ilisomeka "wastani". Neno hilo likumbukeni, maana lilikuja kumgharimu.

## Shule zenyewe

Shule ndogo ilianza kama shule shikizi. Wazazi walichangia mawe, mchanga na nguvu kazi ili watoto wadogo wasivuke mto kwenda shule mama, na baadaye ikasajiliwa kuwa shule kamili. Ilikuwa na wanafunzi 118, kuanzia awali hadi darasa la saba, na walimu wanne akiwemo mwalimu mkuu. Vyumba vya madarasa ni vitano.

Shule kubwa ipo senta, kilomita tano kutoka nyumbani, na ndiyo hiyo shule mama. Wanafunzi 1,640, walimu 23, kila darasa mikondo miwili. Njia ya kwenda huko inashuka bondeni na kuvuka mto wa mawe. Kiangazi mtoto anaruka mawe bila kulowa. Masika, Machi hadi Mei, mto huo huo unaweza kumzuia mtu mzima mchana kutwa.

Ukigawa wanafunzi kwa walimu, shule ndogo inapata 1:30 na kubwa 1:71. Kiwango kinachotajwa na serikali kwa shule za msingi ni 1:45. Kwa hesabu hiyo ya juujuu, shule ndogo imeshinda kabla mchezo haujaanza. Nitarudi kwenye hesabu hii, maana ni ya kupotosha.

## Mambo yalivyokwenda

Mwanzoni mwa Desemba 2022 yalitoka matokeo ya mtihani wa darasa la saba. Baba mdogo wa watoto, ambaye ni mwalimu wa sekondari mjini, alikuja likizo na simu yake. Akafungua ukurasa wa Baraza la Mitihani, akamwonyesha kaka yake: shule ndogo imetoka wastani wa 171 mwaka 2021 hadi 128, shule kubwa imetoka 146 hadi 149. "Kaka, hii yenu inashuka. Mtoto wa darasa la tatu bado unaweza kumwokoa."

Bibi hakutaka kusikia. Alikumbusha masika ya miaka ya nyuma, watoto walipolala senta kwa watu kwa sababu hawakuweza kurudi. "Mto hauulizi mtoto wa nani," alisema. Mama alikuwa katikati: mto aliuogopa, lakini kuwa na mtoto asiyesoma kulimtia hofu zaidi.

Kabla shule hazijafungwa, waligawana kazi. Baba alikwenda shule kubwa. Alikuta madarasa mawili mapya, maktaba ndogo, umeme, na ubao wa matangazo uliojaa ratiba. Alizungumza na mwalimu wa taaluma kwa dakika chache akaondoka ameridhika. Mama alikwenda shule ndogo na kukaa karibu nusu siku. Alimwona mwalimu wa darasa la kwanza na la pili, dada mmoja aliyeripoti hapo miaka mitatu nyuma, akiwafundisha watoto kuunganisha silabi kwa vizibo vya soda. Aliona pia darasa la tatu na la nne wakiwa wamekaa na kazi ubaoni bila mwalimu, kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia. Mwalimu wao alikuwa chumba cha pili na darasa la tano.

Uamuzi ulifikiwa wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa Januari 2023: mkubwa ahamie senta, mdogo aanze darasa la kwanza hapohapo mlimani.

Mwalimu mkuu wa shule ndogo hakufurahi. Kwenye kuandika barua ya uhamisho alimwambia baba, "Mzazi, sikuzuii, ni haki yako. Ila mkiniondolea watoto mmojammoja, kesho nitaomba mwalimu wa tano kwa hoja gani?" Uhamisho ulipitia kwa Afisa Elimu Kata, namba ya mtoto ikahamishwa kwenye PReM, mfumo wa kompyuta unaotunza kumbukumbu za wanafunzi wa shule za msingi, na mkubwa akaanza darasa la tatu mkondo wa B, akiwa mmoja wa watoto 98.

Muhula wa kwanza ulimchapa. Siku za mwanzo baba alimpeleka kwa pikipiki. Abiria wa alfajiri walipoongezeka, mtoto akaanza kutembea na wenzake wawili wa kitongojini. Alifika amechelewa, akakaa dawati la nyuma. Masika ilipoanza alikosa siku nyingi, nyingine kwa mto, nyingine kwa sababu wenzake wamebaki nyumbani na yeye anaogopa kwenda peke yake. Hakuna aliyeuliza. Darasa la watoto 98 huwa na nafasi tupu kila siku, na mwalimu wa darasa aliyaita majina mara moja tu asubuhi, kabla hawajafika wa mbali.

Mwezi Mei mama alikaa chini na madaftari. La hisabati lilikuwa na kurasa nyingi zisizosahihishwa. La Kiswahili lilikuwa na maandishi mazuri sana yaliyonakiliwa kutoka ubaoni, ambayo mwenyewe hakuweza kuyasoma. Asubuhi iliyofuata alishuka senta.

Hapo ndipo alipojua jambo ambalo mume wake hakuambiwa na hakuliuliza. Shule kubwa ilikuwa na kundi la watoto wa darasa la tatu na la nne wasiomudu kusoma, kuandika na kuhesabu. Lilikutana kila siku baada ya mapumziko chini ya mwalimu mmoja aliyepangiwa kazi hiyo. Walikuwa watoto thelathini na kitu. Kijana hakuingizwa kwa sababu taarifa aliyokuja nayo ilisema "wastani", na hakuna aliyempima alipofika. Mwalimu wa darasa alimpa kitabu hapohapo mbele ya mama yake, akasikiliza mistari miwili, akasema, "Mama, nisamehe. Kesho ataanza." Na kweli kesho yake alianza.

Mlimani mambo yalikwenda kinyume. Mdogo alianza vizuri kupita kiasi. Kufikia Julai alikuwa anamsomea bibi yake maandishi ya mfuko wa unga, na bibi akawa anampigia simu baba mdogo kumkumbusha maneno yake ya Desemba. Kisha, mwezi Agosti, mwalimu wa vizibo alikwenda likizo ya uzazi. Ni haki yake kisheria, siku 84, na hakuna wa kumlaumu. Lakini hakuletwa mtu wa kushika nafasi yake. Shule ya walimu wanne ikawa ya watatu, na madarasa ya kwanza, ya pili na ya tatu yakawekwa chumba kimoja chini ya mwalimu mkuu, ambaye pia huitwa wilayani kwenye vikao.

Kamati ya shule ilikutana. Wazazi wa madarasa hayo, kaya 34, walikubaliana kutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kumlipa kijana wa kitongojini aliyemaliza kidato cha nne, akae na watoto. Hakuwa mwalimu, na hakujifanya mwalimu. Alifuata maandalio aliyoachiwa, ukurasa kwa ukurasa. Watoto hawakusonga mbele sana, ila hawakurudi nyuma.

## Maamuzi ya mwaka wa pili

Kufikia Januari 2024 wazazi walikuwa na uzoefu wa kutosha kubishana upya. Baba alitaka sasa kumhamisha na mdogo: "Tumeona mwalimu mmoja akiondoka shule inayumba." Mama alikataa, na hoja yake ilikuwa nzuri. Mwalimu alikuwa amerudi, mtoto alikuwa anasoma, na njia ya mto ilikuwa ileile iliyomsumbua kaka yake mwenye miaka kumi, sembuse wa miaka saba. Mdogo akabaki.

Kwa mkubwa walifanya badiliko moja. Kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei alilala kwa shangazi yake, anayeishi nyuma ya soko la senta, kuanzia Jumapili jioni hadi Ijumaa. Walimpelekea shangazi debe mbili za maharage na gunia la viazi. Shangazi alisema hakuomba, ila hakurudisha.

## Matokeo

Oktoba 2024 mkubwa alifanya upimaji wa kitaifa wa darasa la nne na kupata daraja C. Anasoma polepole, lakini anasoma kweli. Kitabu cha sayansi anakielewa bila kusaidiwa. Hisabati bado ni mlima. Utoro wake wa masika ulikwisha mwaka ule wa pili.

Mdogo alimaliza darasa la pili akiwa miongoni mwa wasomaji bora wa shule yake, jambo ambalo katika darasa la watoto kumi na sita linahitaji kupokewa kwa kiasi. Nilimpa kitabu ambacho shule yao haina. Alisoma ukurasa mzima bila kukwama na kujibu maswali manne kati ya matano.

Shule ndogo mwaka 2023 ilipata wastani wa 158. Baba mdogo hakuleta simu mwaka huo.

## Uchambuzi

### Wastani wa shule ndogo hausomwi kama wa shule kubwa

Mzozo wote ulianzia kwenye 171 na 128. Tuzitazame. Mtihani una masomo sita yenye alama 50 kila moja, jumla 300, na daraja C linaanzia 121 hadi 180. Kwa hiyo 171 na 128 zote ni C. Mwaka 2022 watahiniwa wa shule ndogo walikuwa 11. Watatu kati yao walikuwa watoro wa muda mrefu waliokuwa wakifanya vibarua mashambani, wakarudishwa kufanya mtihani, na kwa pamoja walipata alama 180. Jumla ya alama za wote 11 ni 1,408. Ukiwatoa watatu hao, wanane waliobaki wana wastani wa 153 na nusu, juu ya shule kubwa. Shule kubwa ilikuwa na watahiniwa 160. Watatu wa aina hiyo wakitolewa huko, wastani unapanda kwa alama zisizofika mbili.

Baraza la Mitihani lenyewe, enzi lilipokuwa likipanga shule kwa nafasi, lilizitenga zenye watahiniwa chini ya 40 katika kundi lao. Januari 2023 likaacha kabisa kutangaza shule na wanafunzi bora. Wazazi wengi, na walimu wengi pia, bado wanasoma namba hizo kana kwamba ni matokeo ya ligi. Kwa shule ya watahiniwa 11, namba ya mwaka mmoja inakwambia habari za watoto 11, haikwambii habari za shule. Angalau miaka mitano ingehitajika, na hata hapo ningeuliza kwanza ni walimu gani waliokuwepo.

Kwa hiyo sababu iliyomhamisha mkubwa ilikuwa dhaifu. Kwamba kuhama kulikuja kumfaa ni habari nyingine, na kulimfaa kwa jambo ambalo halikuwamo kwenye simu.

### Uwiano unaficha nani yuko darasani

Shule ndogo ina madarasa manane ukihesabu awali, na walimu wanne. Kwa saa yoyote ile, nusu ya madarasa hayana mwalimu, au mwalimu mmoja anafundisha mawili kwa zamu ndani ya chumba kimoja. Shule kubwa ina mikondo 16 na walimu 23: kila mkondo unaweza kuwa na mwalimu muda wote na bado wakabaki wa kusahihisha, wa kuongoza ofisi, na mmoja wa kundi la wasiosoma. Mtoto wa mlimani ana wenzake kumi na watano na nusu ya muda wa mwalimu. Wa senta ana mwalimu muda wote, lakini anamgawana na wenzake 97.

Ipi bora? Inategemea mtoto anahitaji nini. Anayejifunza kusoma mara ya kwanza anahitaji mtu wa kumsikiliza mdomo wake, na hapo kumi na sita ni neema. Anayekwama darasa la tatu anahitaji muda uliotengwa kwa ajili ya waliokwama. Darasa la tatu la shule ndogo lilikuwa na watoto wanne wa aina hiyo, na hakuna mwalimu wa ziada wa kuwapa. Shule kubwa ilikuwa nao thelathini na zaidi, wingi wa kutosha kulazimisha kundi na mwalimu. Kwa maneno mengine, ubaya wa shule kubwa, kwamba wasiosoma ni wengi, ndio uliozaa dawa yake.

### Shule ndogo ni mtu. Kubwa ni utaratibu

Hili ndilo ningependa kila mzazi alibebe anapokwenda kutazama shule. Mlimani, familia ilikuwa inamchagua mwalimu mmoja. Alipokuwepo, hakuna shule ya senta iliyomfikia. Alipoondoka kwa siku 84, palibaki pengo. Maswali ya kuuliza shule ya namna hiyo ni: nani atamfundisha mwanangu mwakani, ana muda gani hapa, mwenzi wake yuko wapi, anaishi nyumba gani, na akiondoka mna mpango gani? Mengine yanaonekana ya kumchunguza mtu. Ulizeni kwa adabu, lakini ulizeni. Mwalimu anayelala chumba kinachovuja kilomita mbili kutoka shuleni ataomba uhamisho, na huo si utabiri mgumu.

Senta, familia ilikuwa inachagua utaratibu, na utaratibu haumtafuti mtoto, unamsubiri apelekwe. Kundi la wasiosoma lilikuwepo tangu Januari. Mtoto alikaa madarasani hadi Mei akinakili ubao. Baba alitazama madarasa mapya, umeme na ratiba, vitu vinavyoonekana na macho. Hakuuliza mtoto mgeni anapimwaje akifika, wala nani anajua mtoto akikosekana siku tatu. Hayo mawili yangetosha.

Na lile "wastani" kwenye taarifa: mwalimu aliyeliandika huenda alimaanisha mtoto mtulivu asiyesumbua. Mama alijua ukweli tangu Desemba, ila alidhani walimu wa senta wangejionea wenyewe. Barua moja kwa mwalimu wa darasa, mistari mitatu, ingeokoa muhula mzima.

### Fedha, kwa ufupi

Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu inayofika shuleni ni 6,000, nyingine ikibaki kwa ajili ya vitabu. Shule ndogo inapata hivyo takriban shilingi 59,000 kwa mwezi, kubwa 820,000. Chaki na madaftari ya maandalio huongezeka kwa idadi ya watoto, sawa. Kufuli la stoo, safari ya mwalimu mkuu kwenda wilayani na bati lililong'oka haviongezeki. Shule ndogo inalipia vitu vilevile kwa fuko dogo mara kumi na nne. Ndiyo maana kijana wa kidato cha nne alilipwa na kaya 34, na ndiyo maana malalamiko ya mwalimu mkuu kuhusu watoto wanaohama yalikuwa na uzito kuliko baba alivyoyapokea.

### Kilichofanya kazi

Kuwatenganisha watoto kulionekana kichekesho kwa majirani. Mimi naona ndio uamuzi bora waliofanya, kwa kuwa waliacha kuuliza shule ipi ni nzuri wakaanza kuuliza nani anahitaji nini mwaka huu. Gharama yake ipo: mkubwa alikosa ndugu wa kutembea naye, na mama akawa na vikao vya wazazi viwili.

Kulala kwa shangazi wakati wa masika peke yake kulimaliza tatizo ambalo mwaka wa kwanza lilikuwa likisemwa ni uvivu wa mtoto. Hili lilipaswa kupangwa kabla ya kuhama, kwa sababu bibi alilitaja tatizo la mto tangu siku ya kwanza, tena kwa sauti. Lilipuuzwa kwa kuwa lilisikika kama hoja ya kukataa shule kubwa, wakati lilikuwa sharti la kuifanya ifae.

Madaftari, nayo, yalifanya kazi iliyoshindwa na taarifa za maendeleo. Mama hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini aliweza kuona ukurasa usiosahihishwa na kumwambia mtoto, "Nisomee hapa."

### Lililokuwa likisubiri uamuzi

Mpango wa awali ulikuwa mdogo ahamie senta akiingia darasa la tano, akiwa na miguu ya kutosha kuuvuka mto. Lakini kwa mtaala ulioanza Januari 2024 elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na yeye atamaliza darasa la sita mwaka 2028. Kuhama darasa la tano ni kuhama ukiwa umebakiza miaka miwili, na wa kwanza kati ya hiyo ni wa kuzoea, kama kaka yake alivyoonyesha. Mwanzoni mwa 2025 mama alikuwa anaegemea ahame darasa la nne, Januari 2026, akiwa na barua ya mwalimu wake mkononi na godoro tayari kwa shangazi. Baba alisema wasubiri kwanza wajue kama mwalimu wa vizibo ataomba uhamisho. Mume wa mwalimu huyo alikuwa amepangiwa kazi wilaya nyingine.